Miundi Sita ya Mzee Mwinyimadi

Sajini Gregori Mihayo aliipanga mifupa juu ya meza kwa mara ya tatu tangu asubuhi, na kwa mara ya tatu hesabu ikakataa.

Ilikuwa miundi sita ya ng'ombe, mifupa ya chini ya goti, yote ya miguu ya nyuma. Pembeni aliweka magego manne, na mbele ya magego kifuu cha nazi kilichojaa vigae vya mawe vyenye makali. Vyote hivyo vilifukuliwa na mgambo Jumatano nyuma ya nyumba ya Mzee Mwinyimadi, katika kijiji cha ujamaa kilicho mwendo wa saa moja kwa baiskeli kutoka Soga. Mifupa ilikuwa ndani ya gunia lililoloweshwa maji, gunia ndani ya shimo, na shimo limefunikwa magome ya mgomba. Usiku wa kuamkia siku hiyo maksai wa kijiji aliibwa zizini. Kijiji kizima kilikuwa na maksai wawili tu wa kuvuta plau, na vuli ilikuwa mlangoni. Mtu mwenye gunia la mifupa ya ng'ombe shimoni, wakati kama huo, hatafutiwi wakili. Hutafutiwa karandinga.

Karandinga la kumpeleka mahakamani lilikuwa la Jumatatu, na leo ilikuwa Ijumaa.

"Bado unacheza bao?" Inspekta Salumu, mkuu wake, alisimama mlangoni na kikombe cha chai kisicho na sukari. Mwaka ule wa 1980 sukari ilikuwa ya kusimuliana.

"Afande, ng'ombe ana miguu mingapi ya nyuma?"

"Wewe Mnyamwezi ndiye unaniuliza mimi mtu wa Pangani? Miwili."

"Hapa kuna miundi sita."

"Basi kaiba ng'ombe watatu."

"Minne ni ya kulia, miwili ya kushoto."

Inspekta alifikiri kidogo. "Basi kaiba wanne. Gregori, kadiri unavyohesabu ndivyo unavyomwongezea mzee wa watu kifungo. Kijiji kimelalamikia ng'ombe mmoja. Mpe huyo mmoja, ufunge jalada."

Gregori hakufunga. Alikulia nyuma ya mikia ya ng'ombe huko Nzega, na mfupa wa ng'ombe haukuwahi kumdanganya hata siku moja. Hii sasa ilikuwa ikimdanganya mchana kweupe. Mitano ilikuwa ya vikongwe, mifupa migumu iliyokwisha kukomaa. Kila mmoja katika hiyo mitano ulikuwa na makovu madogo madogo yaliyosongamana sehemu moja karibu na ncha, kama ubao unaokatiwa vitunguu kila siku. Si makovu ya panga wala ya shoka. Si meno ya mbwa. Wa sita haukuwa na kovu hata moja. Ulikuwa mweupe, una utelezi wa mafuta, na kwenye kichwa chake cha juu ulionekana mstari mwembamba, ule unaoonyesha kwamba mfupa bado haujashikana. Ulikuwa wa mnyama anayekua, na maksai aliyeibwa alikuwa na umri wa miaka mitatu.

Kwa hiyo mmoja ulimtia mzee hatiani na mitano ilimtoa. Au mitano ilimtia zaidi. Na ngozi iko wapi? Pembe, kwato, kichwa? Mwizi gani anamaliza ng'ombe mzima, halafu anatunza miundi kama yai la kuatamiwa? Gregori alijikuna kichwa mpaka kofia ikaanguka.

Alichukua miundi miwili, mmoja wenye makovu na ule mweupe, akaenda mahabusu.

Kwenye korido alimkuta Jumbe, mtoto wa Mzee Mwinyimadi. Alikuwa mwanamume wa miaka ishirini na saba, mlinzi wa zizi la kijiji, na ndiye aliyepiga yowe kulipokucha Jumatano kwamba maksai hayupo. Siku zote mbili alikuwa amekuja kutoka kijijini na birika la uji wa baba yake.

"Shikamoo, Sajini," alisema, ameinamisha kichwa.

"Marahaba. Amekunywa?"

"Kidogo." Jumbe alimkabidhi askari wa zamu birika kwa mkono wa kulia, wa kushoto ameushikiza kwenye kiwiko, kama alivyofundishwa mtu aliyelelewa akaleleka. Macho yalikuwa mekundu. Kutoka ndani ilisikika sauti ya baba yake: "Nenda kalale, mwanangu. Hujalala wewe." Jumbe aliondoka upesi, bila kugeuka nyuma. Gregori alimhurumia. Si jambo dogo kupiga yowe la mwizi, likamwangukia baba yako.

Mzee Mwinyimadi alikuwa ameketi sakafuni, kibaraghashia kichwani, mgongo umenyooka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mtani. Babu zako walibeba mizigo ya watu mpaka Bagamoyo. Wewe umeona unibebeshe mimi?"

"Mzigo umejitwika mwenyewe. Mifupa hii ya nini?"

"Yangu."

"Sikuuliza ya nani. Ya kazi gani?"

"Kazi ya mwenyewe."

Gregori aliutazama mkono wa kushoto wa mzee. Kidole gumba kilikuwa kigumu kama kwato, kimechanjwachanjwa vidonda vyembamba, vingine vya zamani, vingine vya juzi. Alimwekea ule muundi mweupe mapajani.

"Huu hauna kovu. Umeupata wapi?"

Mzee aliushika, akaugeuza mara moja, akaurudisha kama mtu aliyeshika kaa la moto. "Yote yangu. Nimekwisha sema. Andika."

"Ulimchinja maksai wewe?"

"Andika tu."

"Sikuulizi niandike nini. Apa, mzee. Useme wallahi nilimchinja mimi, na mimi naandika sasa hivi."

Mzee alifungua mdomo, akaufunga. "Mwizi mmekwisha kumpata, mtani. Wa pili mnamtakia nini?"

Kwa miaka kumi na tisa ya kazi, Gregori alikuwa amekutana na waongo wa kila namna. Huyu alikuwa wa kwanza anayelitaka kosa lakini hataki kuliapia. Alitoka mahabusu akiwa amechanganyikiwa kuliko alivyoingia.

*

Land Rover ya kituo haikuwa na petroli. Gregori alipanda basi mpaka Mlandizi, kikapu cha ukili mapajani na miundi miwili ndani, akimwomba Mungu abiria wasije wakachungulia.

Abeid, mwuza nyama wa Mlandizi, alikuwa amelala juu ya meza yake ya kukatia nyama. Kulabu zote zilikuwa tupu.

"Hakuna nyama," alisema bila kufumbua macho. "Karantini ya ng'ombe. Leo siku ya kumi na tano sijachinja hata kuku."

"Sitaki nyama. Nataka mifupa."

Hapo alifumbua macho. Gregori alimwonyesha muundi wenye makovu, na Abeid akacheka. "Huu wa Mzee Mwinyimadi! Kautendea nini? Mimi nilimpa ukiwa mzima."

"Ulimpa wewe?"

"Tangu Ramadhani nimempa mitano. Na huyo mzee ana masharti yake! Mfupa usichemshwe. Usianikwe. Uwe wa ng'ombe mzee, mgumu. Wa kulia nampa yeye, wa kushoto mke wangu anaupikia supu. Mara moja tu nilimpa wa kushoto, mke wangu alikuwa kwao."

Gregori alihesabu kwa vidole. Minne ya kulia na mmoja wa kushoto. Mitano ya makovu ilikuwa imepata mwenyewe, tena kwa halali, na kwa dakika moja moyo ulimtulia. Kisha akautoa muundi mweupe.

Abeid aliushika, akaunusa, akaupima kwa kiganja. Uso ulibadilika. "Huu si wangu. Huu ni wa mnyama kijana, mimi sipati wanyama vijana. Na huu haujamaliza wiki." Alishusha sauti. "Sajini, Jumatano hoteli za pale Soga ziliuza mchuzi wa nyama. Watu wanakuja kuniringia mimi, mwenye bucha! Nyama ile haikutoka hapa."

"Nani aliiuza?"

"Ningemjua ningemshitaki mwenyewe."

"Na Mzee Mwinyimadi mifupa anafanyia nini?"

"Dawa, bila shaka. Mtu anayechagua mfupa namna ile ni mganga. Mimi siulizi mambo ya watu."

Mganga! Gregori aliazima baiskeli ya Abeid na kulitafuna neno hilo njia nzima ya vumbi. Kama ni dawa, vigae vya mawe ni vya nini? Kuchanjia? Na kama mzee ni mganga, mbona hakuna hata mtu mmoja kijijini aliyelitaja hilo, wakati watu huwataja waganga kabla hujawauliza? Kila alipofungua mlango mmoja, ndani alikuta milango miwili imefungwa. Hakujua ashike lipi aache lipi. Jambo moja tu lilikuwa wazi: Jumatatu karandinga lingeondoka na mzee wa miaka sabini, na watu wa umri ule huingia gerezani kwa miguu na kutoka kwa machela.

*

Nyumba ya Mzee Mwinyimadi ilikuwa ya mwisho kijijini, upande wa mashamba ya mihogo. Zizi lilikuwa hatua mia moja hivi kutoka hapo, na ndani yake maksai aliyebaki amesimama peke yake akitafuna.

"Hodi!"

"Hodi pita." Bi Siwema, mke wa mzee, alitoka jikoni akijifunga kanga vizuri. Alikuwa mama mfupi, mchangamfu, na hata huzuni ya siku mbili haikuwa imemnyamazisha. "Ala, Mnyamwezi! Leo mzigo wako umeuweka kikapuni, kichwa kimechoka?"

"Shikamoo, mama. Kichwa kimechoka kweli."

"Marahaba, baba. Mume wangu hajambo?"

"Hajambo. Uji wa Jumbe ameupokea."

"Alhamdulilahi. Jumbe amerudi sasa hivi kwa gari la mkaa, yuko nyuma anapasua kuni. Tangu Jumatano hakai chini."

Alimkaribisha barazani. Gregori alipokuwa akivuta kigoda, kiatu chake kilikanyaga kitu kikalia chini ya soli. Aliinama. Vigae vya mawe, vyembamba kama ganda la kitunguu, vilikuwa vimejaa mahali pamoja tu, mbele ya mkeka mkuukuu. Vilikuwa ndugu wa vile vya kifuuni. Hapo mtu alikuwa ameketi akifanya kazi mwaka baada ya mwaka.

Kwa hiyo mawe na mifupa vilikuwa vya kazi moja.

"Mama, mzee anavunja mawe kwa mifupa?"

Bi Siwema aliangua kicheko. "Mfupa utavunja jiwe wapi, baba? Jiwe linavunjwa na jiwe. Mfupa unalinyoa." Hapo hapo akajiziba mdomo kwa kanga, akatazama huku na huku kwenye nyumba za jirani.

Gregori aliyaona macho yale, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano kitu kikamwingia akilini. Alitazama mihogo, halafu ua wa miiba uliozunguka mihogo, halafu mashimo ya nguruwe mwitu kando ya ua.

"Haya ni mawe ya magobore," alisema polepole. "Magobore ya gumegume, yale ya kuwashwa kwa cheche ya jiwe. Na hayana leseni hata moja."

Bi Siwema aliuvuta mkeka kuvifunika vigae.

"Mama, nisikilize. Mimi nimekuja kwa ajili ya ng'ombe. Bunduki za kufukuza nguruwe sizioni, sizisikii. Lakini mume wako Jumatatu anaondoka, na hasemi neno. Kama ananyamaza ili kuwaficha majirani, nionyeshe kazi yake, nami nitaandika kwamba mifupa ni vyombo vya fundi. Mficha uchi hazai."

Mama alimpima kwa macho kama anayempima mchumba wa binti yake. Kisha akaketi mkekani, akatandika kipande cha ngozi pajani, akachukua kigae kilichokuwa upenuni mwa nyumba. Alinyoosha mkono, Gregori akampa muundi wenye makovu. Aliupigisha kwenye ukingo wa jiwe, taratibu, kwa ncha ile ile yenye makovu. *Ta. Ta. Ta.* Kila pigo liliangusha ganda dogo, na ukingo ukawa umenyooka, mkali. Sehemu iliyobaki na kijino aliibana kwa gego la ng'ombe, akalisukuma, kijino kikaruka.

"Ukitumia nyundo ya chuma, jiwe linakuwa makombo," alisema. "Mfupa una ulaini wake. Unaliuma jiwe, jiwe linatii. Gego ni la kumalizia. Mume wangu anasema jino la nguruwe ndilo gumu kuliko yote, lakini yeye Mwislamu, hata kulishika hataki. Kazi hii aliitoa kwa baba yake, huko kwao Kurui."

"Na shimo? Kwa nini mzike mifupa?"

"Mfupa mkavu unapasuka. Ukiwa mbichi mbichi ndio unauma. Hatukuzika, baba, tulihifadhi."

Gregori alihisi mabega yakimshuka. Watu walikuwa wamefukua sanduku la fundi, wakadhani wamefukua kaburi la ng'ombe! Furaha ilimpanda mpaka akataka kumkumbatia mama yule. Mitano ilikuwa na risiti kwa Abeid. Umebaki mmoja tu.

"Mifupa mnaipata kwa Abeid peke yake?"

"Kwa Abeid anapewa kwa urafiki tu. Hapa kijijini ni ada. Akichinja mtu ng'ombe, kwa arusi, kwa hitima, kwa lolote, muundi mmoja ni wa Mwinyimadi. Haombi. Unapelekwa siku ile ile, kabla nyama haijaiva. Asiyepeleka, siku gobore lake likinyamaza mbele ya nguruwe asilie. Hakuna asiyejua hilo hapa, mkubwa wala mdogo."

"Na huu je?" Gregori aliutoa muundi mweupe.

Alipouliza alikuwa bado anatabasamu. Alitarajia jina la jirani fulani, mtu wa pembeni, mtu ambaye angemfunga pingu bila kumtazama usoni.

Bi Siwema aliupokea, akaufuta vumbi kwa upindo wa kanga. Uso ulimwangaza. "Huu bado haujaanza kazi. Huu kauleta Jumbe. Jumatano alfajiri, hata moto sijawasha, kanigongea dirisha: 'Mama, pokea ada ya baba.' Nikaulowesha, nikautia guniani na wenzake. Nikajua kapita kwa Abeid." Aliutikisatikisa muundi mkononi, anajivuna. "Vijana wa siku hizi wameacha kila kitu, Sajini. Mila hawana, heshima hawana. Lakini mwanangu hasahau. Fikiria mwenyewe: asingeuleta, nani angemwuliza?"

Gregori alihesabu siku.

Abeid hakuwa amechinja kwa siku kumi na tano. Jumbe ndiye aliyekuwa na ufunguo wa zizi. Alimchinja maksai gizani, akaiuza nyama Soga, na katikati ya wizi wake wote akakumbuka kumpelekea baba yake muundi, kwa sababu hakuna anayechinja bila kupeleka muundi. Kisha kukakucha, akapiga yowe. Na mzee, mgambo walipolimwaga gunia mbele yake, aliona miundi sita pale alipoacha mitano. Aliujua wa sita umetoka wapi kabla ya mtu yeyote. Hakuwa akiyaficha magobore ya mtu.

Kwa siku mbili Gregori alikuwa ameomba mkanganyiko ule umwondoke. Sasa ulikuwa umeondoka wote, na alitamani kwa moyo wake wote urudi. Aliona aibu. Alimpa mama yule ahadi, na mama kwa kuiamini alikuwa amemfunga mwanawe kwa sifa.

"Sasa utaandika?" aliuliza Bi Siwema. "Kwamba ni vyombo vya fundi?"

"Nitaandika, mama."

"Mume wangu ataachiwa?"

"Ataachiwa."

"Lini?"

"Leo."

Bi Siwema aliinuka kwa kasi ya msichana, kigae kikaanguka chini, muundi mweupe ungali mkononi mwake. Alipiga kigelegele kimoja kirefu, halafu akaita kuelekea nyuma ya nyumba: "Jumbe! Jumbe wee! Acha hizo kuni, njoo umshukuru Sajini! Baba yako anarudi leo!"

Shoka lilinyamaza. Jumbe akatokea kwenye pembe ya ukuta, jasho likimtiririka, mikono imejaa maganda ya kuni. Alimtazama mama yake aliyekuwa akicheka na kulia. Akauona muundi mkononi mwake. Akamtazama Gregori.

Akaipangusa mikono yake kwenye shuka, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Sajini," alisema.

"Marahaba," aliitikia Gregori, na akanyoosha mkono kuupokea muundi.